Ua linanuka mzoga, nilitupe?

SWALI: Habari mhariri, naomba msaada jamani. Nilipewa kiazi kikubwa cha ua nikakipanda kwenye chungu sebuleni, kikakaa weee hata jani hakuna, mara likachomoza ua moja refu rangi ya damu ya mzee, na tangu juzi nyumba inanuka kama panya kafia ukutani. Nimesogeza makochi yote, nimefua zulia, kumbe ni ua! Limeoza? Nilitupe?

JIBU: Usilitupe tafadhali! Kwa maelezo yako hiyo inaelekea ni konjaki, ndugu wa magimbi, na halijaoza hata kidogo. Nyuki halina shida nao, linawaita nzi na mbawakawa wanaotaga kwenye mizoga, ndo maana hata rangi limechukua ya nyama. Ziba pua uchungulie chini kabisa pale lilipojikunja, utaona vidude vidogo vidogo vimezunguka ule mti wa katikati, hivyo ndo maua yenyewe, ya kike chini ya kiume juu yake, hilo pana jekundu ni jani tu limejigeuza. Ya kike yanawahi na hapo ndo harufu inakuwa kali, ya kiume yanakuja kutoa chavua wenzao washapitwa na wakati, kwa hiyo nzi lazima aje na chavua ya mmea mwingine. Ukiwa nao mmoja mbegu usitegemee.

Wako mdogo huo. Kaka yake wa misitu ya Sumatra, Indonesia, ambaye Odoardo Beccari, mtaalamu wa mimea wa Italia, alimkuta mwaka 1878, anafika mita 3, na usiku wa kuchanua ule mti wa katikati unapata joto karibu sawa na mwili wa mtu ili harufu ipae ifike mbali. Anakusanya nguvu miaka na miaka, akichanua ni siku 2 hivi keshanywea. Mimi hiyo subira yake inanigusa sana.

Sasa la kwako litoe nje siku 3 au 4 harufu itaisha. Maji usimwagilie kwanza, mizizi bado, ukilowesha kiazi ndo kitaoza kweli. Likinyauka kata kikonyo ila vaa glavu, utomvu unawasha. Baadaye litakuja jani moja tu, moja!, limetanuka kama mwavuli, bua lina madoa kama nyoka. Hapo ndo umwagilie na mbolea uweke, maana kile kiazi cha zamani kinasinyaa chote na jani hilo ndo linakitengeneza kipya.