Maswali na majibu: saladi ya kamba na ngisi isiyolowa maji

Dada, kila nikitengeneza saladi ya kamba, baada ya nusu saa naikuta inaogelea kwenye maji. Nakosea wapi?

Chumvi na ndimu huvuta maji kutoka kwenye mboga. Huwezi kuyazuia, ila unaweza kuyatangulia. Pasua tango kwa urefu, ukwangue mbegu kwa kijiko, maana humo ndimo maji yalimojaa. Kabichi ikate nyembamba kama uzi, inyunyizie chumvi kidogo, iache dakika 15, kisha ikamue mpaka maji yachuruzike kati ya vidole. Ukiitafuna utasikia bado inalia menoni. Kamba nao wakaushe kwa kitambaa safi. Sosi imwagie watu wakishakaa kula. Mimi huipeleka mezani kwenye kikombe chake.

Ngisi wangu huwa kama mpira. Nimchemshe zaidi?

Mpunguzie muda! Ngisi hulainika akipikwa dakika 1 hadi 2, au akitokoswa taratibu dakika 45 na zaidi. Hapo katikati ndipo anapokuwa mpira. Kwa saladi tumia njia ya kwanza: maji yatokote kwelikweli, tia vipande vya ngisi vilivyokatwa kama pete, vikigeuka vyeupe pepe vitoe na uvitumbukize kwenye maji ya barafu. Usiiruke barafu, kwani joto lililobaki ndani huendelea kumpika hata akiwa kwenye sahani.

Kamba wanataka dakika 2 hadi 3, kulingana na ukubwa. Aliyejikunja nusu duara ameiva. Aliyejifunga mviringo kabisa amepitiliza.

Naomba vipimo vya sosi yenye uchachu na ukali.

Kwa watu wawili au watatu: juisi ya ndimu vijiko vikubwa 3, mafuta vijiko vikubwa 2, sukari kijiko kikubwa 1, kitunguu saumu punje 1 iliyopondwa, pilipili mbichi 1. Chumvi weka mwishoni, kwa kuwa kabichi tayari inayo. Koroga sukari na ndimu kwanza mpaka iyeyuke, ndipo utie mafuta. Usionje kwa kijiko, chovya kipande cha kabichi. Sosi ikiwa peke yake inapaswa kukushtua kidogo, mboga zitaipooza. Kama pilipili inakuzidi, kwangua ule utando mweupe unaoshika mbegu. Ukali mwingi unakaa hapo.

Nikiwaloweka kamba wabichi kwenye ndimu wakageuka rangi, si wameiva?

Hawajaiva. Asidi ya ndimu hukaza nyama na kuibadilisha rangi, lakini haiui vijidudu vyote. Wapike kwanza. Kwenye hili silegezi hata kidogo.

Inayobaki naweza kula kesho?

Ikishachanganywa na sosi, imalizeni siku hiyohiyo. Ukitaka ya kesho, weka kamba, mboga na sosi kila kimoja peke yake kwenye friji mapema, kabla havijakaa nje kwa muda wa saa mbili.