Maswali yenu: Mtandao ukikuzimia mapato, umwulize nani?

Barua nyingi wiki hii zimetoka kwa watu wanaojitafutia riziki mtandaoni, na wengi wana hofu ileile: kanuni zinabadilishwa na watu wasiowajua.

Swali: Habari mhariri. Nimefungua chaneli ya mapishi YouTube. Nasikia mtu huzimiwa mapato kwa “maudhui yaliyotumika tena”, yaani kudaiwa amerudia kazi iliyokwishatoka bila kuongeza chake, hata akiwa amerekodi mwenyewe. Yakinikuta nifanyeje? (Mama wa Jinja)

Jibu: Kata rufaa ndani ya siku 21 kupitia YouTube Studio, ukurasa wa kusimamia chaneli yako, dada yangu, na usipeleke malalamiko matupu. Rufaa ya video inakubalika, isizidi dakika tano. Taja chaneli yako mwanzoni kabisa, halafu waonyeshe kazi inavyofanyika: simu ilivyofungwa kwenye stendi, matoke yakimenywa, wewe ukirekodi sauti, na vipande vya video kabla hujavihariri. Anza leo kuvihifadhi vipande hivyo.

Kinachoniudhi ni kwamba kosa hilo hupimwa kwa chaneli nzima, hivyo unaweza usiambiwe ni video ipi. Na kampuni hizi zinaweza kujieleza zikilazimishwa! Ulaya, tangu Februari 2024, sheria inazitaka zimpe mtu sababu bayana zinapofuta kazi yake au kumkatia malipo, na zimpe pa kulalamikia. Mpishi wa Paris ana haki hiyo, wa Jinja anabaki kubahatisha. Wabunge wetu walishupalie jambo hili, maana vijana wengi wanakula kupitia simu.

Swali: Nimelipa dola 25 za kujisajili Google Play, duka la programu za simu, sasa natakiwa nitafute watu 12 wa kuijaribu programu yangu siku 14. Rafiki yangu aliyejisajili zamani hakuombwa. Kwa nini? (Mwanafunzi, Gulu)

Jibu: Kanuni hiyo inawahusu wenye akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023. Kwanza walitaka watu 20, kisha mwezi Desemba 2024 wakashusha idadi hadi watu 12. Siku 14 lazima zifuatane, kwa hiyo tafuta watu kama 16, maana wengine watajitoa. Lengo la kuwazuia matapeli ni sawa, lakini mzigo unambana zaidi asiye na ofisi wala wafanyakazi.

Swali: Nauza vitenge. Facebook ilipofungwa hapa nchini nilipoteza wateja. Kosa la nani? (Owino, Kampala)

Jibu: Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifuta akaunti ilizosema zina uhusiano na wizara ya habari na teknolojia. Serikali nayo ikaifunga Facebook yenyewe. Wakubwa waligombana, mwenye duka akaumia, na hakuna upande uliomwomba radhi. Kusanya namba za simu za wateja wako daftarini, kwa ridhaa yao kama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inavyotaka.

Swali: Nataka kutengeneza programu itakayotegemea data za X. Unashauri? (Mbarara)

Jibu: Hapana, si kwa kuitegemea peke yake. Tarehe 2 Februari 2023, ikiitwa bado Twitter, ilitangaza kuondoa huduma ya bure kwa watengeneza programu ifikapo tarehe 9. Tarehe ikasogezwa, na mwezi Machi kifurushi cha chini cha kulipia kikazinduliwa kwa dola 100 kwa mwezi. Bei hiyo nayo imebadilika tangu hapo. Kama huwezi kumudu bei yao ya sasa, tafuta chanzo cha pili cha data kabla hujaandika mstari wa kwanza.