Kufupisha Madigadi ya Pikipiki Nyumbani: Kazi Yote Iko Kwenye Ukingo

Juma lililopita kijana mmoja wa Kayole, hapa Nairobi, aliniandikia akitaka kujua kama mtu anaweza kufupisha madigadi ya nyuma, ile kinga ya tope iliyo juu ya tairi, akiwa nyumbani, bila grainda (mashine ya kukatia chuma) wala mashine ya kuchomelea. Ana Honda CG125 ya zamani aliyoachiwa na mjomba wake, madigadi yake ni ya chuma, na anataka mkia mfupi kama wa zile pikipiki zinazopanda Ngong siku ya Jumapili. Fundi aliyemwendea alimwambia kazi hiyo si ya nyumbani: alete pikipiki, aache pesa, arudi jioni. Akamalizia ujumbe wake hivi: "Kaka, naogopa kuiharibu, lakini naogopa zaidi kumwachia."

Ndugu yangu, hofu hiyo naijua vizuri, na ndiyo maana sikujibu kwa mistari miwili.

Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua kwa pesa za chama. Ilikuwa CG kama yako, na kromu ya madigadi yake ilikuwa bado safi, ukiinama unajiona uso. Niliipeleka kwa fundi mmoja huku Eastlands ambaye kila mtu stejini alimsifu. Nikamchorea mstari kwa kalamu, nikamwambia akate hapo, nikaenda kazini. Jioni nilikuta amepitisha grainda. Kromu kando ya mkato ilikuwa imeungua, imegeuka samawati na kahawia, na ukiigusa inabanduka kama ganda la kitunguu. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka kuliko wa kulia kwa upana wa kidole. Waya wa taa ya nyuma ulikuwa umekatwa, ukaungwa kwa selotepu. Nilipomwonyesha alisema, "Hiyo ni kitu kidogo, bosi. Nani atakuangalia huko nyuma?" Nikamlipa zote, kwa sababu pikipiki ilikuwa kwake na giza lilikuwa linaingia.

Aliyeangalia huko nyuma nilikuwa mimi. Kila asubuhi nikiitoa getini niliona ule mkato kabla sijaona kitu kingine. Masika yalipofika kutu ikaanzia pale pale palipoungua, ikapanda juu chini ya kromu. Watu waliniuliza kama nilikuwa nimegongwa. Mpaka leo nikipita kwenye kibanda kile huwa sigeuzi shingo.

Basi nikatafuta madigadi nyingine ya mtumba kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, nikaamua kwamba hiyo haitashikwa na mkono mwingine ila wangu. Niliikata kwenye veranda ya ploti, kwa msumeno wa mkono. Ndiyo iliyo kwenye pikipiki hadi sasa. Imepita mvua za masika na za vuli, imepita vumbi la Kangundo Road, na ukingo wake bado ni mzima. Hivi karibuni nikiwa kwenye kituo cha petroli, bwana mmoja mwenye pikipiki kubwa aliinama akapitisha kidole gumba pale mwisho, akaniuliza ni gereji gani iliyonifanyia. Nilimwambia nimefanya nyumbani. Furaha niliyoipata siku hiyo sikuificha, na wala sioni sababu ya kuificha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kabla ya kushika msumeno, tafuta mahali taa ya nyuma na bamba la namba vitakapokaa. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Madigadi ndiyo inayobeba taa, indiketa, rifleta na namba, kwa hiyo ukiikata bila mpango unabaki na vitu vinavyoning'inia. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka namba ionekane na taa iwake, na askari wa Jogoo Road hatajali jinsi mkia wako unavyopendeza. Nunua kipande cha chuma bapa cha unene wa milimita 3, ukitoboe, ukikunje kiwe kishikio cha taa na namba. Kisha keti kwenye pikipiki na mtu mzito nyuma yako, umwombe mwingine aangalie chini: tairi linapopanda, lisikaribie kishikio hicho wala bolti yoyote. Matuta ya mitaa yetu yatalipandisha zaidi ya hapo, kwa hiyo usijipunje nafasi.

Ukiridhika, fungua waya wa hasi wa betri kwanza, piga picha ya nyaya zote kwa simu, halafu ndipo uitoe madigadi. Nyaya usizikate. Zina viunganishi vya kuchomoa, na kama vimeshika kutu, subira kidogo na koleo vitakusaidia.

Kupima ni kwa kadibodi. Bandika tepu ya karatasi juu ya madigadi mahali pote utakapopita, tafuta mstari wa katikati kwa kunyoosha uzi kutoka kwenye matundu ya bolti, kisha kunja kadibodi katikati, uchore nusu ya umbo la mkia unaoutaka kwenye upande mmoja, na ukate pande zote mbili kwa pamoja. Ukiikunjua, pande mbili zinalingana zenyewe. Ilaze juu ya madigadi, mkunjo wake ukae juu ya mstari wa katikati, uchore. Mimi nilitumia mfuniko wa sufuria kupata duara la pembeni. Usichore pembe kali hata moja. Pembe kali ndiyo inayoanzisha ufa, kwa sababu mtetemo wa injini yote huishia hapo. Na mkia usipite bolti ya mwisho kwa zaidi ya shubiri, la sivyo utapigapiga mpaka upasuke.

Msumeno wa chuma una nyembe za aina kadhaa madukani, kama za meno 18, 24 na 32 kwa inchi. Chukua ya 32. Chuma cha madigadi ni chembamba, na jino kubwa litakwama, likunje ukingo, au livunjike. Meno yaelekee mbele, maana msumeno hukata ukisukuma. Jaza mchanga kwenye gunia dogo, uifunike madigadi juu yake: gunia linaufuata mviringo, madigadi haitikisiki, na kelele inapungua hata jirani hajui unafanya nini. Fremu ya msumeno ikigonga chuma, geuza wembe ukae ubavu, au uutoe kabisa, uuzungushie kitambaa upande mmoja na ukate kwa mkono. Weka tone la oili. Pumzika. Kata nje ya mstari, uache milimita 2 au 3. Miwani ya kazi vaa, na glavu pia, kwa sababu kipande kilichokatika kina makali ya wembe.

Hapo ndipo watu hutulia wakidhani wamemaliza, na hapo ndipo nataka unisikilize. Kukata ni sehemu ndogo. Madigadi inapotoka kiwandani ukingo wake umekunjwa, na mkunjo huo ndio unaoipa nguvu na kuzuia isikukate. Ukiukata, umeondoa mkunjo. Unachobaki nacho ni bati tupu lenye makali, lililo wazi kwa maji. Fundi wangu aliishia hapo. Tofauti ya kazi yake na yangu haikuwa mashine.

Somo la ukingo nililipata Kamukunji. Nenda kasimame pale jua kali uwatazame wale wazee wanaotengeneza karai na masanduku ya bati. Ukingo wa karai hauachwi hivi hivi, hukunjwa juu ya waya, ndiyo maana karai hubeba kokoto miaka na miaka bila kupasuka mdomo. Mzee mmoja aliniona nimesimama muda mrefu akanipa kipande cha bati nijaribu. Wale ni mafundi wa kweli, na nikisema vibaya juu ya fundi mmoja sisemi juu yao. Chuma cha madigadi ni kigumu kuliko bati la karai na kimejipinda pande mbili, kwa hiyo kukikunja nyumbani kutakuletea makunyanzi. Dawa yake ni tupa, kile chuma chenye meno cha kusugulia.

Anza na tupa bapa, usogee mpaka mstarini. Sukuma kwa kufuata urefu wa ukingo. Ukisukuma kwa kuukatiza utaacha meno meno. Kisha chukua tupa ya nusu duara, upige ukingo wa ndani, halafu wa nje, mpaka pasiwe na kona, pawe mviringo. Fuata na msasa namba 120, kisha 240. Kipimo changu ni pamba: burura pamba juu ya ukingo mzima. Ikinasa unyuzi mmoja, rudi pale kwa tupa. Usiseme inatosha. Neno "inatosha" ndilo lililoiharibu pikipiki yangu ya kwanza.

Kwenye rangi sitakaa sana. Kromu haishiki rangi mpaka uikwaruze kabisa kwa msasa, kwa hiyo ama uipake madigadi nzima, ama uache kromu na uzibe ukingo peke yake kwa praima ya zinki (rangi ya chini inayozuia kutu) na rangi ya juu. Futa kwa thina, usiguse tena kwa vidole. Praima mara mbili, nyepesi. Ikikauka, msasa wa 400 kwa maji. Rangi mara tatu, nyepesi vilevile, kopo likiwa mbali na chuma kama sentimita 25, na mkono usisimame. Inayotiririka ni ile iliyotakwa imalizike mara moja. Julai usipulize asubuhi. Baridi na unyevu wa Nairobi huifanya rangi ififie na kuwa nyeupe nyeupe. Ngoja jua la saa tano. Vaa barakoa, kaa mbali na jiko linalowaka, na hakikisha nguo za majirani zimeanuliwa kambani. Wingu la rangi husafiri, na mama wa nyumba ya pili hana kosa lolote.

Rangi ikikomaa, na iache siku kadhaa ikomae kweli, unaweza kuvisha ukingo ile raba ya milango ya gari. Ivishe juu ya rangi, kamwe usiivishe juu ya chuma kitupu, kwa sababu hushika maji na kutu itakula ndani bila wewe kuiona.

Vijana wengi mnaonisoma mnapenda pikipiki kuniliko, lakini mnazipenda kwa macho. Mnajua majina ya mitindo yote, na hamjawahi kushika tupa. Mnampelekea mtu mwenye haraka kitu mlichokiwekea akiba mwaka mzima, kisha mnashangaa akikirudisha kina majeraha. Yeye ana pikipiki kumi zinazomngoja, wewe unayo moja. Nani kati yenu ana sababu ya kupiga tupa mpaka pamba isinase? Usisubiri gereji. Usisubiri stima wala mashine. Vifaa nilivyovitaja vyote utavipata Gikomba asubuhi moja, na vitakuhudumia miaka.

Unaporudisha madigadi mahali pake, vichwa vya bolti viangalie tairi na nati zikae upande wa juu. Bolti ikigeuzwa, ncha yake yenye nyuzi itakwaruza tairi siku utakapoingia shimo ukiwa na abiria. Weka washa ya raba kila tundu, ukaze, uendeshe siku chache, ukaze tena.

Kijana wa Kayole aliuliza pia kuhusu madigadi ya mbele. Ncha yake unaweza kuipunguza kwa njia hii hii, ila kile kishikio kinachounganisha miguu miwili ya foki, vile vyuma viwili vinavyoshika tairi la mbele, usikiguse, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi ndicho kinachosaidia miguu hiyo isipindane unapokata kona au kushika breki. Na kwa upande wa nyuma usipunguze chini mno, maana bado tunaishi kwenye udongo mweusi. Mvua ikinyesha huko Embakasi, abiria wako atakuwa na tope mgongoni kabla hamjafika lami. Kata kidogo kwanza, uendeshe mvua moja, ukitaka zaidi tupa bado iko.