Je, tuziamini kampuni kubwa za teknolojia?

Ndugu yangu, umeuliza kama mtumiaji wa kawaida anaweza kuiamini kampuni kubwa kama Facebook kwa taarifa zake binafsi. Ushauri wangu ni kwamba usiipe imani, bali uipe taarifa chache kadiri uwezavyo. Katika kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kisiasa iliyojipatia taarifa za watumiaji wa Facebook bila idhini yao, kashfa iliyofichuka mwaka 2018, watu wapatao 270,000 walipakua programu ya kupima haiba, lakini kwa kuwa Facebook wakati huo iliruhusu programu kuchota pia taarifa za marafiki wa mtumiaji, walioguswa walikadiriwa kufikia milioni 87, wengi wao wakiwa hawajawahi hata kuiona programu yenyewe. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: rafiki mmoja tu alitosha kukuanika. Faini ya dola bilioni 5 ambayo Facebook ilitozwa nchini Marekani mwaka 2019 haikurudisha kilichochotwa.

Kwa hiyo fungua mipangilio ya simu yako, uingie kwenye ruhusa za programu, na uzuie kusomwa kwa namba ulizohifadhi na mahali ulipo kwa kila programu isiyohitaji mambo hayo. Ukiwa Tanzania, unaweza pia kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022.