Dereva akipiga breki, nani ananisukuma mbele?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kwenda kidato cha tano, tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Fizikia naipenda, ila mekanika, ile sehemu ya mwendo na kani, inanitoa jasho. Kanuni nimezikariri zote, za mwendo na za Newton, lakini nikikutana na swali sijui nianzie wapi. Halafu kuna jambo linanisumbua kila nikitoka Mbagala kwenda Kariakoo. Tumefundishwa kwamba kitu hakibadilishi mwendo wake bila kani, yaani bila kusukumwa au kuvutwa. Sasa daladala ikipiga breki narushwa mbele. Ni kani gani hiyo inayonisukuma? Rafiki yangu anasema ni kani ya inesha. Na je, nijisomeeje mekanika kwa miezi hii niliyo nyumbani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na daladala, maana jibu la hayo mengine limo humo humo.

Hakuna kani inayokusukuma mbele. Tuseme daladala ilikuwa inakwenda kilometa 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Wewe uliyemo ndani nawe ulikuwa unakwenda mita 10 kwa sekunde. Dereva akakanyaga breki, barabara ikayashika matairi, gari likapunguza mwendo. Wewe breki hazikukufikia. Ukaendelea na mita zako 10 kwa sekunde, gari likabaki nyuma yako. Kwa kuwa umezungukwa na viti na madirisha ya gari hilo hilo, unaona kama umerushwa. Mtu aliyesimama kituoni akichungulia dirishani ataona abiria anayeendelea na mwendo wake wa awali, na sakafu inayopunguza mwendo chini ya miguu yake.

Kani ipo, lakini inaelekea nyuma. Inatoka kwenye bomba ulilolishika na kwenye sakafu iliyo chini ya viatu vyako. Tuipime. Gari limesimama ndani ya sekunde 2, kwa hiyo mwendo umepungua mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde moja. Huo ndio mchapuko, na hapa umeelekea nyuma. Kani ni masi mara mchapuko, na inapimwa kwa niutoni. Kama masi yako ni kilo 60, ili usimame pamoja na gari unahitaji kani ya 60 mara 5, yaani niutoni 300, zaidi kidogo ya nusu ya uzito wako. Ndiyo maana mkono ulioshika bomba unavutika hadi begani. Usiposhika kitu, sakafu inasimamisha nyayo tu huku kiwiliwili kikiendelea na safari, ndipo unapomwangukia mama wa watu aliyekaa mbele yako.

Rafiki yako mwambie kwa upole kwamba inesha si kani. Inesha ni tabia ya kila chenye masi: kubaki na mwendo kilicho nao mpaka kitu kingine kiuingilie. Haisukumi wala haivuti.

Utajuaje basi ipi ni kani na ipi siyo? Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama, na naamini lugha yetu inachangia. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema bondia ana nguvu, gari lina nguvu, umeme una nguvu, dawa ina nguvu. Neno hilo moja linabeba mambo ambayo fizikia imeyatenganisha: kani, nishati, na wepesi wa kufanya kazi unaopimwa kwa wati. Baya zaidi, linatuzoesha kuamini kwamba nguvu ni mali ya mtu, anatembea nayo mfukoni. Kani haikai hivyo. Kani ni jambo la wawili, kama kupeana mikono. Daima kuna anayesukuma au kuvuta, na kuna anayesukumwa au kuvutwa. Kwa hiyo kila ukitaka kuandika kani, jaza kwanza sentensi hii: “Fulani anamsukuma fulani.” Bomba linamvuta abiria nyuma: sawa. Dunia inamvuta abiria chini: sawa. Sakafu inamsukuma abiria juu: sawa. Na hiyo “kani ya inesha”, nani anamsukuma abiria mbele? Hakuna jina la kujaza. Ifute.

Kwa mekanika ya mwanzo kazi hii ni nyepesi kuliko unavyodhani. Ukiacha mvuto wa dunia, kila kani utakayokutana nayo inatoka kwenye kitu kinachogusa kile unachokichunguza. Chora kitu chako peke yake, kiduara kinatosha. Kizunguke kwa kalamu na kila kinapoguswa uliza: nani huyu, na anasukuma kuelekea wapi? Malizia kwa dunia. Basi, hesabu ya kani imekamilika, na hapo ndipo unaruhusiwa kukumbuka kanuni. Wewe ulikuwa unaanza na kanuni, ndiyo maana hukujua ushike ipi.

Tufanye mfano mmoja mzima. Pita popote Dar wanapojenga ghorofa, utaona fundi yuko juu anavuta ndoo ya zege kwa kamba. Tuseme ndoo na zege ni kilo 20. Nani anaigusa? Kamba peke yake, inavuta juu. Ongeza dunia, inavuta chini kwa 20 mara 9.8, yaani niutoni 196. Kani ni mbili tu.

Ndoo ikianza kuondoka chini, mwendo unaongezeka kuelekea juu, tuseme kwa mchapuko wa mita 0.5 kwa sekunde katika kila sekunde. Masi mara mchapuko ni 20 mara 0.5, yaani niutoni 10. Kamba lazima ishinde dunia kwa 10 hizo, hivyo inavuta kwa niutoni 206. Sasa ndoo imeshika mwendo, inapanda sawasawa bila kuongeza wala kupunguza. Kamba inavuta kwa kiasi gani?

Wanafunzi wengi wanajibu “zaidi ya 196, maana inapanda.” Jibu ni 196 kamili. Mwendo haubadiliki, mchapuko ni sifuri, kani ya juu na ya chini zinalingana. Na ndoo ikikaribia mikono ya fundi huku ikipunguza mwendo kwa kiwango kile kile cha 0.5, kamba inavuta kwa niutoni 186 tu, ilhali ndoo bado inapanda! Muulize fundi mwenyewe. Atakwambia ndoo inakuwa nzito wakati wa kuinyanyua, ikishapanda inakubali, na ikifika juu inalegea kidogo. Mikono yake inajua kanuni ya pili ya Newton, hiyo ya masi mara mchapuko, vizuri kuliko madaftari mengi.

Kama uliwahi kujibu “zaidi ya 196”, usione aibu. Kudhani kwamba kila kinachokwenda lazima kisukumwe muda wote ndilo wazo la Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na wasomi walilishikilia kwa karne nyingi. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alilitikisa kwa kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinamishwa, akipima muda kwa maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka chomboni, kwa kuwa saa ya sekunde hakuwa nayo. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1638. Newton akaja kuandika zile kanuni tatu mwaka 1687.

Wewe una njia rahisi kuliko ya Galileo. Chukua chupa ya maji yenye ubavu usio na maua, ijaze nusu, panda nayo basi la mwendokasi kuanzia Kimara. Nachagua mwendokasi kwa sababu lina njia yake, kwa hiyo kati ya kituo na kituo linaweza kukaa kwenye mwendo ule ule kwa muda. Kaa kitini, ilaze chupa pajani kufuata urefu wa basi, na utazame uso wa maji. Basi likiondoka kituoni, maji yanapanda upande wa nyuma. Likipiga breki, yanapanda upande wa mbele. Sasa subiri sehemu ile basi linakimbia sana lakini kwa mwendo usiobadilika. Maji yametulia, yamelala sawa kama yako juu ya meza nyumbani. Maji hayajali kasi ya basi, yanajali mabadiliko ya kasi. Ukiwa na kipimapembe unaweza hata kupima: tanjiti ya pembe ya uso wa maji ni mchapuko gawanya kwa 9.8. Breki ya kawaida yenye mchapuko wa mita 2 itakupa pembe ya nyuzi 11 na kitu. Ile ya daladala yako ya mita 5 ingefika nyuzi 27. Jaribio hilo ni la bei ya nauli tu, lifanye kabla hujafungua kitabu.

Bila shaka utaniuliza na hili, kwa kuwa kila mwaka naulizwa. Kanuni ya tatu inasema ukivuta mkokoteni, nao unakuvuta kwa kani iyo hiyo. Sasa unasogeaje? Mtazame mbeba mizigo wa Kariakoo anapouondoa mkokoteni uliojaa. Anainamisha mwili mbele, anakanyaga lami kwa nguvu kuelekea nyuma. Kani mbili za kanuni ya tatu haziwezi kufutana kwa sababu kila moja iko kwenye mwili wake. Chora miduara miwili. Mkokoteni wa kilo 200: mtu anauvuta mbele, na ukinzani wa magurudumu na barabara unaurudisha nyuma kwa, tuseme, niutoni 60. Ili upate mchapuko wa 0.3, mtu auvute kwa 60 jumlisha 200 mara 0.3, yaani niutoni 120. Mduara wa pili, mtu wa kilo 70: mkokoteni unamvuta nyuma kwa 120 zile zile, na lami inamsukuma mbele. Naye anahitaji mchapuko wa 0.3, kwa hiyo lami imsukume kwa 120 jumlisha 21, yaani 141. Anayewasogeza wote wawili ni lami! Mvua ikinyesha, tope likafunika lami, msuguano unapungua. Mtu ni yule yule na misuli ni ile ile, lakini miguu inateleza na mzigo hauondoki.

Kuhusu mpangilio wa kusoma: anza na mwendo wa mstari mnyoofu, na usikimbilie kanuni, chora grafu za mwendo dhidi ya muda mpaka uweze kuisimulia safari kwa kuitazama grafu yake. Kisha vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo, pamoja na sini na kosini. Kwenye mteremko wengi wanabahatisha watumie ipi. Jiulize tu mteremko ukilazwa uwe tambarare nini kitatokea: kani inayotelezesha inapotea, na sini ya sifuri ni sifuri, basi hiyo ni sini. Kisha kani, na hapa ukae muda mrefu kuliko kwingine kote. Kitu kilichorushwa hakina jipya, ni safari mbili zisizoingiliana, moja ya mlalo na moja ya wima. Mwendo wa duara usikuogopeshe pia. Bajaji inayozunguka kipilefti kwa mwendo ule ule ina mchapuko, kwa kuwa mwelekeo unabadilika, na anayeisukuma kuelekea katikati ni barabara kupitia matairi. “Kani ya kukurusha nje” ipitishe kwenye sentensi yetu ya fulani na fulani, utaona inakoishia.

Nishati na momenta (masi mara mwendo) zifuate mwishoni. Rudi kwenye daladala: kwa mita 10 kwa sekunde ilisimama ndani ya mita 10. Dereva akikimbia mara mbili zaidi, kilometa 72 kwa saa, kwa breki zile zile atahitaji mita 40. Nishati ya mwendo inakwenda na mraba wa kasi, kwa hiyo kuongeza kasi mara mbili kunadai umbali mara nne. Hilo natamani kila dereva na kila konda alijue, na abiria pia.

Mtihani utaufanya kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya Kiingereza utayazoea darasani. Lakini mchoro hauna lugha, na swali la “nani anamsukuma nani” jiulize kwa lugha unayoiota.

Nakuachia zoezi. Mtu wa kilo 60 amesimama juu ya mizani ndani ya lifti ya jengo moja refu pale Kariakoo. Lifti inapanda, na ikikaribia ghorofa ya juu inapunguza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Mizani inamsukuma kwa niutoni ngapi? Nitumie mchoro wako pamoja na jibu. Mchoro ndio nitakaouangalia kwanza.