Kifaa Kinapima, Klaudi Haioni: Maswali Kutoka Dodoma

Maswali ya safari hii yametoka Dodoma na wilaya zake, na karibu yote yanahusu vifaa vilivyo vizima ambavyo taarifa zake hazifiki klaudi (seva za mbali mtandaoni), au zinafika wakati zimeshapitwa.

Fundi, nina vihisi vya unyevu wa udongo kwenye shamba la zabibu Hombolo. Vinatuma kila dakika kumi kwa MQTT, ile njia ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi kupitia seva iitwayo broka. Mtandao ukikata saa mbili, grafu inabaki na pengo. Nibadili laini?

Badili ukitaka, ila pengo litarudi siku laini mpya nayo itakapokata. Kifaa chako kinapima, kinatuma, kisha kinasahau. Kifundishe kuandika kwanza kipimo kwenye kumbukumbu ya kudumu, kutuma kwa QoS 1 (kiwango cha MQTT ambacho kila ujumbe hujibiwa kuwa umepokewa), na kufuta pale tu broka inapojibu kuwa imepokea. Nafasi isikutie hofu: siku nzima ni vipimo 144, na kila kimoja kikiwa baiti 20 hujafika hata kilobaiti 3.

Angalia na maktaba ya programu unayotumia. PubSubClient, ambayo wengi wanaotumia bodi za Arduino huanza nayo, inatuma kwa QoS 0 pekee: ujumbe ukipotea njiani, hakuna wa kukuambia. Nyingine zinatuma kwa QoS 1 lakini foleni yake iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda: umeme ukikatika foleni nayo imekwenda.

Kipimo kibebe saa kilipopimwa. Ukiacha seva iandike saa ya kupokea, vipimo 12 vya saa mbili vitarundikana kwenye dakika moja, na utadhani udongo umekauka ghafla. Kifaa kinachoweza kuzimika bila mtandao kifungie saa yenye betri yake, DS3231 kwa mfano. Mtandao ukirudi, tanguliza kipimo kipya, maana ndicho kinachokuambia ufungulie maji au uache. Vya zamani vifuate taratibu.

Jambo moja husahaulika: jibu la broka linamaanisha broka imepokea, si kwamba hifadhidata imeandika. Programu inayotoa ujumbe kwa broka na kuuingiza kwenye hifadhidata nayo isithibitishe kabla haijaandika.

Mimi ni mwanafunzi UDOM. Kama QoS 2 inahakikisha ujumbe unafika mara moja tu, kwa nini tusiitumie kila mahali?

Kwa sababu inadai pakiti nne pale QoS 1 inapomaliza kwa mbili, na huduma nyingine haziikubali kabisa. AWS IoT Core, huduma ya klaudi ya Amazon, ni mojawapo. MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper, kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyofuatiliwa kwa setilaiti, ambako mawasiliano yalikuwa ghali. Ubahili huo uwe nao.

Tumia QoS 1, kisha ufanye marudio yasiwe na madhara. Kila ujumbe upe namba ya kifaa na namba ya mfuatano, hifadhidata ikatae jozi iliyokwisha kuingia. Na kwenye mita ya maji usitume "ongeza lita 10". Tuma usomaji wa mita wenyewe, lita 48,210. Huo ukifika mara tatu, hesabu haiharibiki.

Pampu ya kisima cha kijiji chetu Chamwino naiwasha kwa simu. Asubuhi nilituma WASHA, kisimani hakuna mtandao. Mlinzi akawasha kwa mkono, tanki likajaa, akazima. Jioni agizo langu likafika, maji yakamwagika. Nifanyeje?

Broka ilikutii: ilikushikia ujumbe mpaka kifaa kirudi hewani. Kipimo cha jana bado kina faida, agizo la asubuhi likifika jioni ni hatari. Lipe muda wa kufa. MQTT 5, toleo lililopitishwa na shirika la viwango OASIS mwaka 2019, ina sehemu ya kuweka muda huo. Kama uko kwenye toleo la zamani la 3.1.1, andika ndani ya ujumbe mwenyewe: "halali mpaka saa 2:10 asubuhi", na kifaa kikatae lililopitwa. Tena usilitume kama ujumbe wa kubakizwa kwenye broka, maana kila kifaa kinapojiunga upya kitalikuta linakisubiri.

Hata hayo yote ukiyafanya, funga swichi ya boya ndani ya tanki, ikate pampu bila kuuliza mtu wala mtandao. Mimi nisingekubali pampu ya kijiji izimwe na klaudi peke yake.

Kondoa: dashibodi inasema kifaa kipo hewani, kumbe kimezimika muda mrefu.

Punguza muda wa keepalive, yaani muda ambao kifaa hakipaswi kuupita bila kuwasiliana na broka. Broka husubiri mara moja na nusu ya muda huo kabla ya kukitangaza kimekatika, kwa hiyo sekunde 60 zinakupa jibu ndani ya sekunde 90. Weka pia ule ujumbe wa wosia, broka iutangaze yenyewe kifaa kikipotea bila kuaga.

Mpwapwa: SIM800L yangu, moduli ya kutuma taarifa kwa laini ya simu, inajizima kila inapoanza kutuma. Ni antena?

Mara nyingi ni umeme. Inataka volti 3.4 hadi 4.4, na wakati wa kutuma inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi vya ghafla. Waya mwembamba au USB ya kompyuta haimudu. Tumia betri ya lithiamu yenye nguvu, waya mfupi mnene, na kapasita kubwa karibu kabisa na moduli. Ikiendelea, ndipo ukague antena.