Mwanao anahamia Pangani: tahadhari ya tsunami inafanyaje kazi?

Shikamoo mama. Umeandika kwamba binti yako ametoka Moshi kwenda kufanya kazi hotelini Pangani, na wewe hulali ukiwaza tsunami. Nakuelewa, sisi wa mlimani bahari tunaiogopa hata ikiwa imetulia. Mimi niko Arusha sasa, ila nilikaa Tanga miaka kadhaa.

Desemba 26, 2004, tetemeko lilitokea karibu na Sumatra, kisiwa cha Indonesia, na mawimbi yakachukua saa nyingi kufika kwetu. Muda ulikuwepo, mfumo wa kuonya Bahari ya Hindi haukuwepo, na watu walikufa hadi Dar es Salaam. Leo vipima tetemeko na vipimo vya kina cha maji hutuma taarifa kwenye vituo vya India, Indonesia na Australia, navyo hujulisha nchi husika. Hapa kwetu anayepokea ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA.

Tatizo ni hatua ya mwisho: ujumbe kumfikia mtu ufukweni. Kwa hiyo binti amuulize meneja: nani hupokea taarifa usiku, na tunakimbilia wapi? Akijibiwa kwa kicheko, atafute mwenyewe kilima, au ghorofa imara ya zege.

Akihisi tetemeko kubwa, au maji yakirudi nyuma ghafla, asingoje tangazo wala asipige picha. Aondoke kwa miguu. Wimbi la pili huweza kuzidi la kwanza, hivyo asirudi mpaka mamlaka zitangaze. Akikwama, apige 112.

Uvumi wa WhatsApp ahakikishe kwanza TMA.